Nyota ya Baba Mkwe na Karatasi Mbili

Kwa wewe ambaye gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa mbegu za alizeti kabla hujalisoma, nakueleza kwa kifupi, halafu tuendelee.

Mimi ni Domenti, mchomeleaji wa zamani wa karakana ya reli hapa Tbilisi. Shule niliishia darasa la sita, na hata hilo la sita sina uhakika nalo. Lakini watu wananiita mtaalamu wa nishani za vita. Unaniletea nyota ya babu yako, naigeuza, nasoma namba iliyochongwa nyuma, namba inakwenda Urusi kwenye kumbukumbu za jeshi. Baada ya wiki kadhaa nakwambia ilivaliwa na nani, alifanya nini, na alifia wapi.

Wanasema mzee Domenti ana moyo, anawatafuta waliosahaulika.

Moyo gani, jamani. Mimi ni mwizi ninayetafuta nilichoiba.

Majira ya baridi ya tisini na tatu hakukuwa na umeme, hakukuwa na gesi, hakukuwa na mkate, na wanangu wawili walikuwa wanalala na makoti na kofia. Nikaifungua nishani ya Nyota Nyekundu kwenye koti la marehemu baba mkwe wangu, Varlam, nikaipeleka sokoni Daraja Kavu, nikarudi na gunia la unga na dumu la mafuta ya taa. Mke wangu Lamara nikamwambia unga nimepewa kazini.

Miaka miwili baadaye shemeji yangu Otia, mdogo wake Lamara, akatuma salamu kwamba anakuja kulichukua koti la baba yake alipeleke kijijini. Nikakimbia darajani, nikanunua nyota nyingine, nikaikaza kwenye tundu lilelile. Hakuna aliyeshtuka. Nyota Nyekundu zote zinafanana kama mayai, isipokuwa namba.

Na Mwaka Mpya huu, mezani kwa Otia, divai ilipokuwa imenifika masikioni, nikasimama mbele ya watu arobaini na glasi mkononi, nikaahidi: tarehe tisa Mei, siku ya kufunua jiwe jipya la kaburi la Varlam, mimi Domenti nitasoma karatasi yake kutoka jeshini, inayosema nyota alipewa kwa kitendo gani. Kwetu neno ulilolinywea divai hulirudishi. Ni heri umrudishe mke.

Mnaona shimo lilivyo? Namba iliyoko kwenye koti nikiituma Urusi, itarudi na jina la mtu baki. Lazima niipate ile niliyouza. Wiki iliyopita niliwaacha simu ikilia. Alikuwa Hrant.

Hrant ni Muarmenia wa hapahapa Tbilisi, anauza pale darajani tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Namjua miaka kumi na sita na sijawahi kumwona bila sigara wala bila uongo.

"Domenti," akasema, "ile nyota yako unayoililia kila mwaka. Ncha moja imebanduka rangi kama jino lililong'oka?"

"Ndiyo."

"Nyuma kuna msalaba umekwaruzwa kwa msumari?"

Nilikuwa nishavaa kiatu kimoja.

Nilipofika, Hrant alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kukunja, mezani nishani zimepangwa kama samaki. Pembeni yake wazee wenzetu wawili wa mchezo huu walikuwa wanabishana, mmoja kapata karatasi ya medali yake asubuhi ileile.

"Askari wako vipi?" anauliza wa kwanza.

"Aliuawa!" anajibu wa pili, meno yote nje. "Mto Dnieper, siku ya pili tu!"

"Hongera! Wangu mimi alirudi salama, mshenzi, akafa kwa presha."

Ndivyo tulivyo, wajukuu zangu. Sisi wakusanyaji tunampenda sana shujaa, lakini tunampenda zaidi akiwa amelipuliwa. Aliyerudi nyumbani akazaa watoto na akalima mahindi tunamwona katuangusha. Nilicheka nao. Msinione mwema.

"Iko wapi?" nikamwuliza Hrant.

Akaitoa mfuko wa shati, kwenye kitambaa. Nikaigeuza. Ule msalaba wa msumari ulikuwa palepale. Nikakaa juu ya sanduku la santuri za mtu, likavunjika.

"Nataka," nikasema.

"Najua unataka. Uso wako ni duka lisilo na mlango." Akavuta sigara. "Nami nataka Utukufu wako."

Hapo akanichoma. Nishani ya Utukufu niliyokuwa nayo ilikuwa ya koplo mmoja Mkazakhi, Iskaliev, aliyeshikilia daraja peke yake kwa bunduki ya rashasha mpaka adui wakamfikia. Karatasi yake ninayo, barua ya dada yake ninayo, picha yake ninayo. Ndicho kitu kimoja nilichowahi kukifuatilia mpaka mwisho kwa haki, bila kuwa na deni la dhambi.

"Omba kingine, Hrant."

"Sina haja na kingine. Na kesho anakuja Mjerumani mmoja mnene, anapenda sana nyota nyekundu, hasa zenye kasoro."

"Wewe hukuzaliwa, wewe uliokotwa."

"Na walioniokota walinilea vizuri. Unaleta au huleti?"

Nikaleta. Iskaliev akaondoka na picha yake na barua ya dada yake, nami nikabaki na nyota yenye pengo. Namba akaichukua Hrant, akampelekea binamu yake anayeishi Moscow, ambaye kila mwezi anakwenda kwenye kumbukumbu za jeshi kutuulizia.

"Utapata karatasi kabla ya Mei," akasema. "Huyo mkwe wako alifanya nini kwani?"

"Alimkamata kanali wa Kijerumani, akambeba mgongoni kilomita nne."

"Kanali? Mwaka juzi uliniambia meja."

Hilo ni kweli. Nilipokuja kumposa Lamara, Mjerumani wa Varlam alikuwa luteni. Kila mwaka mkuu wa meza anapotoa neno la heri kwa marehemu, Mjerumani anapanda cheo. Sisi watu wa jimbo la Imereti hatuwezi kurudia neno la mwaka jana lilelile, tunaona ni kumvunjia heshima aliyekufa. Kwa mwendo ule, vita vingeendelea kidogo mezani, angemkamata Hitla.

Basi. Kilichobaki ni kuirudisha nyota kwenye koti bila Otia kujua. Pasaka tukaenda kijijini, kama kawaida, mayai mekundu tukaweka na mvinyo tukamimina makaburini, tukarudi nyumbani kula. Koti la Varlam linakaa kwenye kabati la vioo chumba cha wageni, limevalishwa kwenye kiango kama mtu aliyealikwa akakataa kukaa.

Nikasubiri wote watoke kwenda uani kumchoma nguruwe. Nikafungua kabati. Vidole vyangu vya uchomeleaji havijazoea skrubu ndogo, na kile kinati kinachoikaza nyota kwa nyuma kilikuwa kimeota kutu. Nikaona bora nilivae koti, nikaze tumbo, nivute kitambaa kwa mbele. Nyota ya uongo ikatoka, nikaibana kwenye meno. Nyota ya kweli ikaingia.

"Shemeji?"

Alikuwa Guliko, mke wa Otia, na sinia la maharage mkononi. Ananiangalia mimi, mzee wa miaka sabini na mbili, ndani ya koti la marehemu, nyota moja kifuani na nyingine mdomoni.

Nikafunga mdomo. Nyota ikakaa juu ya ulimi. Mnajua Nyota Nyekundu ina ncha tano? Mimi nazijua zote tano.

Nikafanya nini? Nikalia. Machozi yalikuja yenyewe, ncha moja ilikuwa imeingia kwenye fizi.

"Masikini," Guliko akasema, akaweka sinia chini. "Unamkumbuka kiasi hicho?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Otia! Otia, njoo uone shemeji yako anavyomlilia baba! Wewe mwanawe wa kumzaa hata siku moja hujalia hivi!"

Otia akaja na kisu cha nyama, akanitazama, akanikumbatia. Ni mtu mkubwa, Otia, zamani alikuwa mcheza mieleka. Aliponibana, nyota ikataka kushuka kooni.

"Ndugu yangu," akaniambia sikioni, "baba alikuwa anasema Lamara angepata bora zaidi. Leo ningekuwa na uwezo ningemfufua aombe radhi."

Siku ile nilikula maharage nikitema damu, na watu wote wakaniangalia kwa mapenzi.

Nikarudi Tbilisi mwepesi kama kijana. Nyota iko kwenye koti lake. Karatasi inakuja. Mwizi amerudisha. Nikaanza hata kupiga mluzi bafuni, Lamara akaniuliza kama nimepata hawara.

Tarehe tano Mei Hrant akapiga simu.

"Njoo," akasema. Halafu hakucheka. Hrant asipocheka ujue kuna msiba au kuna polisi.

Nilipofika akanipa karatasi imekunjwa. Nikavaa miwani. Kirusi tulifundishwa wote, hata sisi wa darasa la sita.

Ilisema hivi: namba moja-sifuri-tisa-nne-tatu-saba-mbili, Nyota Nyekundu, alipewa koplo Senina Klavdia Yegorovna, mzaliwa wa mwaka 1921, mwokaji wa kiwanda cha mikate cha jeshi. Oktoba 1944, karibu na mto Tisza, ndege za adui zilipopiga tanuri, hakukimbia. Tanuri tatu zilibomoka. Alizima moto kwa maji ya kukandia, akaoka kwa tanuri moja iliyobaki saa thelathini na sita mfululizo, na batalioni mbili zikapata mkate kwa wakati. Alijeruhiwa bega la kushoto na hakumwambia mtu mpaka mkate ulipokwisha kupakiwa.

Nikaisoma mara tatu. Nikatafuta Varlam katikati ya mistari, nikatafuta Mjerumani, hata luteni tu ningemshukuru.

"Binamu yako kakosea namba."

"Nilimwuliza mara mbili."

"Huyu ni mwanamke, Hrant."

"Nimeona. Ana matiti na tanuri." Akajikuna kidevu. "Mkwe wako alimwibia, au alimshinda kwenye karata. Vita vile, nani anajua. Lakini sikia, Domenti. Mwokaji mikate kupewa Nyota Nyekundu! Unajua hiyo ilivyo adimu? Nirudishie. Nakupa Mkazakhi wako na juu yake nakupa—"

"Nyota iko kwenye koti la marehemu, na baada ya siku nne jiwe la kaburi linafunuliwa! Wamemchora nusu mwili, kwenye jiwe jeusi, na nyota kifuani! Wameandika chini yake alimkamata kanali!"

"Mchoraji kafanya vizuri lakini?"

Nilikaa. Safari hii hapakuwa na sanduku, nilikaa barabarani. Fikirini jambo hili mnavyotaka, lakini mimi pale chini nilifikiri hivi: miaka yote hii nimejitesa kwa kumwibia Varlam, kumbe Varlam naye hakuwa mwenye mali. Mwizi nimemwibia mwizi. Nikaanza kucheka. Halafu nikakumbuka kwamba nyota ya mwanamke aliyeoka mkate chini ya mabomu mimi niliiuza kwa gunia la unga, na kicheko kikaniganda.

"Nikuandikie nyingine?" Hrant akasema taratibu. "Ninayo mashine ya chapa ya zamani, herufi za Kirusi. Ninao mhuri. Unataka Mjerumani wa cheo gani?"

Sitawadanganya. Nilifikiri muda wa kuvuta pumzi moja.

"Kanali," nikasema.

Basi nikaondoka Tbilisi na karatasi mbili. Ya kweli mfuko wa kushoto wa koti langu la suti, ya Hrant mfuko wa kulia. Ya Hrant ilikuwa nzuri zaidi, nawaambia ukweli. Kanali wa Hrant alikuwa na jina, miwani ya jicho moja, na mkoba wa ramani.

Asubuhi ya tarehe tisa nilikuwa nimekaa nyuma ya nyumba ya Otia nikinyoa ndevu kwenye kioo kilichotundikwa kwenye mti wa mtini. Ndani wanawake walikuwa wanakanda mikate ya jibini. Uani wanaume walikuwa wanapakia meza na mabenchi kwenye trekta kuyapeleka makaburini. Watu arobaini walikuwa wamealikwa, hamsini wakaja.

Lamara akatoka jikoni na suti yangu mkononi na brashi. Mikono ina unga mpaka kwenye viwiko.

"Domenti," akasema, "baba yangu ana karatasi mbili?"

Nikajikata. Kovu liko mpaka leo, hapa chini ya sikio.

"Hiyo moja… karani alikosea."

"Ipi?"

"Ya kushoto. Usiisome, mama, ni upuuzi. Mtu mwingine kabisa. Mwanamke fulani, mpika mikate."

"Jina lake nani?"

"Achana nalo."

"Mwanaume, nimekuuliza jina."

Miaka arobaini na sita ya ndoa nimeisikia sauti ile mara mbili tu. Ya kwanza ni siku mtoto wetu wa kwanza alipougua.

"Klavdia," nikasema. "Senina."

Lamara akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Suti yangu akaipakata. Akawa anaipiga brashi mahali palepale, unga wote unaingia kwenye kitambaa cheusi.

"Nisomee," akasema. "Ya kulia nimeisoma jikoni. Hii, macho yangu hayaoni."

Nikasoma. Tanuri tatu. Maji ya kukandia. Saa thelathini na sita. Nilipofika kwenye bega la kushoto, akacheka kidogo, kwa pua, kama anavyocheka akisikia habari za mtu anayemjua.

"Baba hakuniambia habari ya bega," akasema.

"Lamara, unamjua?"

"Simjui. Nilikuwa na siku arobaini alipokufa kwa homa, hukohuko Hungaria." Akainua macho. "Ndiye aliyenizaa, Domenti."

Wembe ukaniponyoka.

Akanieleza kwa sauti ya chini, huku Guliko anaita jikoni kwamba unga umeumuka. Varlam hakumkamata mtu yeyote. Varlam alikuwa anaendesha gari la farasi la mikate. Vita vilipokwisha aliona aibu kurudi kijijini na mtoto mkononi, akaenda Chiatura kwenye migodi, akamwandikia mke wake Tasiko barua moja: njoo ukitaka, usipotaka nitaelewa. Tasiko akaenda. Akamchukua yule mtoto, akamnyonyesha maziwa ya mbuzi, na waliporudi kijijini baada ya miaka minne hakuna aliyekuwa na la kuuliza. Otia alizaliwa baadaye. Otia hajui mpaka leo.

"Nilipofika miaka saba baba alinionyesha ile nyota. Akaniambia hii ni ya mama yako, sina picha yake, hii ndiyo sura yake. Akanifundisha namba kama watu wanavyofundishwa Baba Yetu. Moja-sifuri-tisa-nne-tatu-saba-mbili. Ule msalaba wa nyuma nilikwaruza mimi, kwa msumari, nisije nikaipoteza."

Mimi mtaalamu, jamani. Mimi ninayechimbua siri za marehemu kutoka Kazakhstani mpaka mto Dnieper. Mwanamke analala ubavuni kwangu miaka arobaini na sita, na sikuwahi kumwuliza hata alizaliwa wapi.

"Kwa hiyo…" nikaanza.

"Kwa hiyo mwaka wa tisini na tano Otia alipokuja kuchukua koti, nilikuwa nalipiga pasi. Nikaigeuza nyota niiage. Haikuwa yake."

Nikauokota wembe.

"Ulijua?"

"Ulisema unga ule ulipewa kazini. Karakana yenu ilikuwa haijawalipa mwaka mzima, hata ndege walikuwa wamehama. Nilijiuliza miaka miwili umeupata wapi. Kwenye ubao wa pasi nikajua." Akajifuta paji la uso, likabaki na unga. "Watoto walikula. Nami nilikula, Domenti. Ningesema nini? Ulimuuza mama yangu ukatulisha. Mwenyewe alikuwa mwokaji, labda asingekasirika."

"Kwa nini hukuniambia? Miaka kumi na sita nimekuwa nikizunguka pale darajani kama mbwa!"

"Nilikuwa nakuona. Nilitaka nijue utatafuta mpaka lini." Akasimama, akanirushia suti. "Na utasema lini. Kutafuta umetafuta. Kusema hujasema."

"Nilikuwa na nia, haki ya Mungu."

"Ulikuwa na nia, ndiyo. Ukaandikisha kanali mwenye miwani ya jicho moja."

Kabla sijajibu, Otia akatokea pembeni ya nyumba, kavaa tai, uso umeng'aa.

"Shemeji! Karatasi iko?"

"Iko," nikasema.

"Zipo," akasema Lamara, akaingia ndani.

Makaburini meza zilikuwa zimepangwa kati ya mawe, kuku, mikate ya jibini, samaki, mitungi ya divai. Padri akasoma sala fupi kwa sababu alikuwa na harusi kijiji cha pili. Otia akavuta kitambaa, na Varlam akatokea kwenye jiwe jeusi, amenyooka, kifua mbele, mashavu mapana kuliko aliyokuwa nayo. Watu wakapiga makofi. Chini yake Mjerumani alikuwa ameandikwa kwa herufi za dhahabu. Koti la marehemu wakaliweka limetandazwa juu ya jiwe, nyota imeelekea jua.

Otia alikuwa mkuu wa meza. Akatoa neno kwa Mungu, kwa amani, kwa walioanguka. Halafu akafika kwa baba yake. Kanali, nawaambieni, alipandishwa palepale. Alipomaliza Otia, alikuwa ni jenerali.

"Neno hili sitalifunga mimi!" akasema Otia machozi yakimtoka. Akajaza pembe ya mbuzi-mwitu divai mpaka juu, akaipitisha mkono kwa mkono mpaka ikanifikia. "Alaverdi kwako, Domenti! Uliyemlilia kuliko mimi. Soma karatasi ya baba yangu, kisha unywe!"

Alaverdi, yaani zamu ya kulimalizia neno la mkuu wa meza, ukipewa hukatai. Ukikataa umemkana aliyekupa na aliyetajwa. Nikasimama. Mkono wa kulia umeshika pembe. Wa kushoto uko huru, na mifuko iko miwili.

Nikafikiri: nikisoma ya Hrant, kila mtu atalala na furaha isipokuwa mtu mmoja. Nikisoma ya kweli, Otia atajua leo, mbele ya majirani, kwamba shujaa wake alikuwa anabeba mikate, na kwamba dada yake si wa tumbo moja naye. Otia wa mieleka. Na shimo la kaburi la jirani lilikuwa wazi, nililiona.

Nikaingiza mkono mfuko wa kulia. Naapa vidole vilikwenda vyenyewe.

Hapo Lamara akatoka upande wa wanawake. Akapita kati ya meza, akafika kwenye jiwe, akainama juu ya koti la baba yake. Nilidhani anataka kulibusu. Akakizungusha kile kinati chenye kutu kwa vidole vyake vya kukandia, mara moja, mara mbili, akaichomoa nyota. Akaichomeka kwenye gauni lake jeusi la sikukuu, upande wa kushoto, akaikaza.

Hata waliokuwa wanatafuna waliacha.

"Dada," Otia akasema, "unafanya nini? Hiyo ni ya baba."

"Mwulize shemeji yako," akasema Lamara. "Yeye ndiye mwenye karatasi."

Watu hamsini wakageuka kunitazama. Otia akaanza kuja, anapita kati ya mabenchi, polepole, anatabasamu bado, kama mtu ambaye hajaamua.

Nilitaka kuiweka ile pembe chini nitumie mikono yote miwili. Lakini pembe haina kitako. Ukiiacha inamwaga kila kitu. Kuna njia moja tu ya kuachana nayo, nayo ni kusema neno lako na kuinywa mpaka chini.

Nikautoa mkono mfukoni mtupu, nikafungua mdomo.